Kizunguzungu baada ya kulala wiki tatu

Dada, pole na mguu. Umeuliza kwa nini ukisimama moyo unadunda na macho yanaingia giza, na kama kuna uhusiano na wale wanawake wa utafiti wa anga. Upo. Mwaka 2005 huko Toulouse, Ufaransa, wanawake 24 walilala siku 60, kichwa kikiwa chini kidogo kuliko miguu, ili kuiga mwili unavyokuwa angani. Watafiti wa Moscow nao, kwa lengo hilohilo, huwalaza watu ndani ya maji wakiwa juu ya kitambaa kisichopitisha maji. Hawalowi hata kidole!

Ukilala muda mrefu, hata kitandani tu, maji ya mwili hupanda kifuani, mwili unadhani umejaa, figo zinayatoa. Plazima, yaani sehemu ya majimaji ya damu, inapungua, hivyo protini za damu zinaweza kuonekana nyingi kwenye kipimo bila kuongezeka kweli. Ukisimama ghafla damu inashuka miguuni, moyo unakimbia kufidia. Wanawake hupatwa zaidi na hali hii kuliko wanaume.

Asubuhi kaa ukingoni mwa kitanda dakika mbili tatu, chezesha kifundo cha mguu usioumia, kunywa maji, ndipo ushike magongo. Ukizimia, au mguu ukivimba, au pumzi ikabana, nenda hospitali mara moja. Huenda damu imeganda.