Matibabu ya akili kambini Dadaab

Je, mkimbizi wa Dadaab, kambi za wakimbizi kaskazini mashariki mwa Kenya, analazimika kulipa au kufunga safari hadi Nairobi ili apate huduma ya afya ya akili? Hapana. Huduma hiyo hutolewa bila malipo kambini kwenyewe, kwa mfano katika hospitali ya Dagahaley inayoendeshwa na shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, ambako ushauri nasaha hupatikana pamoja na matibabu ya kawaida. Nayajua haya kwa kuwa nimekuwa nikiwatafsiria wagonjwa wa Kisomali hapa Eastleigh, mtaa wa Nairobi, na wengi wao walianzia matibabu yao huko.

Ugumu huja pale ugonjwa unapozidi uwezo wa kambi. Mgonjwa hupewa rufaa kwenda Garissa au Nairobi, lakini hawezi kusafiri bila kibali cha kutoka kambini, na kibali kikichelewa, mtu aliyekuwa akiendelea vizuri na dawa anaweza kuzorota. Kwa hiyo ndugu wa mgonjwa waombe rufaa na kibali kwa pamoja, mapema, kabla dawa hazijamwishia.