Kwa mdogo wangu wa kidato cha tatu: mpira usiuache

Mdogo wangu, swali lako nimelisoma jana usiku na limenirudisha mbali sana. Kwa watakaolikuta jibu hili peke yake: huyu kijana ameokoka, anachezea timu ya shule, viongozi wa feloshipu wanamwambia mpira ni mambo ya dunia, na huko kwenye timu wenzake wanamdai mchango wa mganga kabla ya mechi. Anasema Jumapili kanisani anasikia furaha, ila kuanzia Jumatatu haioni tena.

Mimi nilisoma bweni, shule ya serikali Nyanda za Juu Kusini, kule ambako mwezi wa sita ukinawa uso alfajiri vidole vinakufa ganzi. Nilicheza beki ya kulia tangu kidato cha pili, na nilikuwa mweka hazina wa UKWATA, umoja wa wanafunzi Wakristo. Kwa hiyo hapo uliposimama wewe na mimi nimesimama.

Nianze na mchango, maana ndio ulionifundisha. Tulikuwa na mechi ya mtoano ya UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, ngazi ya wilaya. Wiki moja kabla, nahodha alipita bwenini kukusanya mia tano kwa kila mchezaji ya kumpelekea "mtaalamu". Mimi nikakataa. Ijumaa nikafunga kutwa nzima, uji sikunywa na ugali wa mchana sikula, nikaweka nadhiri: Bwana, ukitupa mechi hii, Jumapili nasimama mbele ya watu kutoa ushuhuda. Siku ya mechi tukaambiwa hakuna kupita getini, wote turuke ukuta wa nyuma na kuingia uwanjani kinyumenyume. Nikapita getini peke yangu.

Tulifungwa mbili bila. Bao la pili lilipita upande wangu, winga wao alinigeuza nikabaki nimekaa chini. Kwenye gari tukirudi hakuna aliyeimba. Nyuma yangu mtu mmoja akasema, "Kuna mtu kaharibu dawa."

Kauli ile iliniuma, lakini kilichonitesa zaidi ni kwamba nilimkasirikia Mungu. Wiki mbili nzima mapambio yakianza nilikuwa natikisa midomo tu. Mlezi wetu wa UKWATA, ambaye alikuwa mwalimu wa kemia, aliliona hilo. Akaniita maabara nimsaidie kuosha vyombo. Nikamweleza yote, mpaka suala la kufunga na nadhiri. Alinisikiliza huku anasugua mirija, kisha akaniambia taratibu, "Wenzako walitoa mia tano. Wewe ulitoa chakula cha siku moja. Mlikwenda duka moja, mkaulizia bidhaa moja."

Nilikasirika. Ilinichukua siku kadhaa kukubali kwamba anasema kweli. Mimi nilikataa hirizi, lakini maombi yangu yenyewe nilikuwa nimeyafunga kiunoni kama hirizi.

Hakunihubiria zaidi ya hapo. Alimwomba mwalimu wa michezo anifanye mtunza vifaa. Kazi yenyewe ilikuwa kujaza upepo mipira mitatu, mmoja ukiwa umezibwa kiraka na kila jioni umelegea, na kufua jezi kumi na sita kila baada ya mechi. Nilikuwa nafulia kwenye bomba la nyuma ya bwalo, ndoo mbili na kipande cha sabuni ya mche. Ukizifua jezi za watu muda mrefu unaanza kuwajua. Ya namba nane ilikuwa inachanika kwapa lile lile kila mara. Ya namba nne ilikuwa na damu shingoni, nikajua kumbe jamaa hutoka damu puani na hajawahi kumwambia mtu. Siku moja nikaishika ya namba kumi, ya nahodha aliyekuwa akikusanya zile mia tano. Kwenye pindo la chini nikagusa kitu kigumu. Kimefungwa kwa kitambaa cheusi, kikubwa kama punje ya hindi, kimeshonwa kwa uzi mweupe, mishono mibaya ya mtu asiyejua kushona.

Nilikaa nacho mkononi maji yakiendelea kumwagika kwenye ndoo. Wiki chache nyuma ningekikata na kukitupa, au ningewaita viongozi wa feloshipu waje waone. Ila ile mishono ndiyo iliyonishinda. Nilimwona amekaa kitandani usiku na tochi, anashona peke yake, kwa sababu anaogopa. Na mimi nilikuwa nimefunga Ijumaa ile kwa sababu nilikuwa naogopa. Nikaifua jezi, nikaianika kama zilivyo nyingine, na nikamwombea kwa jina lake. Sikuomba ashinde wala sikuomba aumbuke. Niliomba asiogope. Ndiyo mara ya kwanza nikumbuke kumwombea mtu wa timu yangu bila kutaka kitu, na nilipoinua ndoo kurudi bwenini nilikuwa naimba bila kujijua. Jambo lile hatukuwahi kulizungumza, mimi na yeye.

Furaha unayoiulizia mimi ilinianzia pale bombani, siku ya Jumamosi jioni, nikiwa na harufu ya jasho la watu kumi na sita mikononi. Halafu ikanifuata uwanjani. Nakumbuka mazoezi fulani mvua imenyesha, nyasi zinateleza, nikapanda na mpira pembeni, nikapiga krosi, namba tisa akaruka akapiga kichwa, ukagonga mwamba na kurudi. Hakukuwa na watazamaji, hata bao halikupatikana. Nikajikuta nacheka peke yangu kwa kushukuru: kwa miguu, kwa mapafu, kwa matope. Wakolosai 3:23 panaposema lolote tufanyalo tulifanye kwa moyo kama kwa Bwana, nilikuwa naijua kwa kichwa tangu Sunday School. Siku ile niliielewa.

Viongozi wako wa feloshipu wasikilize kwa heshima, wanakupenda. Lakini hapo sikubaliani nao. Waulize kuhusu Bruda Colm O'Connell, mtawa wa Kikatoliki kutoka Ireland aliyefika Iten, Kenya, mwaka 1976 kufundisha jiografia katika shule ya St. Patrick's. Akaanza kuwafundisha vijana kukimbia, miaka ikapita yeye yuko pale pale. David Rudisha, aliyekimbia mita 800 kwa dakika 1:40.91 kwenye Olimpiki ya London 2012, ni mwanafunzi wake. Utawa wake haukumzuia kusimama kandokando ya uwanja na saa mkononi, ndipo mahali alipoutumikia.

Na kama watakuhadithia Eric Liddell, wahadithie mpaka mwisho. Wengi huishia Paris 1924: Mskoti aliyekataa kukimbia mita 100 kwa sababu mchujo ulipangwa Jumapili, akakimbia mita 400 na kuchukua dhahabu kwa sekunde 47.6. Ikiishia hapo inakuwa hadithi ya dawa: mheshimu Mungu, upewe medali. Lakini mwaka uliofuata Liddell alikwenda China kuwa mmisionari, na vita vilipokuja Wajapani walimfunga katika kambi ya Weihsien. Humo alikuwa akiwaandalia watoto na vijana michezo. Walioishi naye wamesimulia kwamba vijana walipoanza kugombana kwenye mchezo wa Jumapili, yeye aliyekataa mbio za Olimpiki alikubali kwenda kuwachezeshea ili wasiumizane. Alifia kambini Februari 1945, miezi michache kabla ya wafungwa kukombolewa. Mimi Liddell huyu wa kambini ndiye ninayempenda kuliko wa medali.

Nasema hivi pia kwa sababu timuni kwetu kulikuwa na Msabato ambaye hakucheza Jumamosi hata tungebaki kumi, na Mwislamu ambaye mwezi wa Ramadhani mwalimu alimruhusu kufanya mazoezi mepesi. Wale wawili walinifundisha uaminifu kuliko makongamano mengi niliyohudhuria. Waheshimu wa kwenu.

Kuhusu muda wa kuomba, usihangaike kutafuta saa nzima, bweni halina. Mimi nilitumia mchakamchaka. Wenzangu wakiitikia nyimbo, kila mzunguko nilikuwa na jina moja: leo kipa, kesho mwalimu wa hesabu, keshokutwa yule aliyesema nimeharibu dawa. Huyo wa mwisho alinichukua mizunguko mingi. Na prepu usiikimbie kwa kisingizio cha uchovu wa mazoezi. Ukisinzia, simama nyuma ya darasa usome umesimama.

Sasa huo mchango wa mganga. Usitoe. Mwambie nahodha mkiwa wawili tu, bila maneno makali na bila kumtishia kumripoti, kwamba wewe ni Mkristo na kitu hicho huwezi. Wakikununia, endelea kuwapa pasi. Muhula uliofuata, walipopita tena kukusanya, mimi hela yangu nilikwenda nayo sokoni nikanunua machungwa. Niliyakata vipande vinne vinne kwa kisu cha jikoni, nikayaweka kwenye ndoo ile ile ya jezi, nimeiosha vizuri. Mapumziko nikawapelekea. Namba kumi alichukua vipande viwili, akanirudishia kimoja, akasema, "Na wewe kula, beki, bado dakika arobaini na tano."