VS Code haioni Python wakati umeshaisakinisha

Ndugu, usiifute Python uanze upya. Mara nyingi ipo, ila VS Code haijui ilipo.

Fungua terminali. Kwenye Windows andika `where.exe python`, kwenye Linux au Mac andika `which python3`. Ikija njia ya faili, inakili. Rudi VS Code, bonyeza Ctrl+Shift+P (Mac ni Cmd+Shift+P), andika `Python: Select Interpreter`, chagua `Enter interpreter path`, kisha bandika ile njia. Amri hiyo isipotokea kabisa, hujaweka kiendelezi cha Python.

Wa Windows muwe makini hapa, maana panapoteza watu muda mwingi: njia ikiwa moja tu na ina `WindowsApps` ndani yake, andika `python --version`. Isipokupa namba ya toleo, hiyo si Python, ni njia ya mkato ya kukupeleka Microsoft Store. Izime kwenye mipangilio, sehemu ya `App execution aliases`. Halafu endesha tena kisakinishi cha Python, chagua `Modify`, weka tiki kwenye `Add Python to environment variables`. Ukimaliza, funga madirisha yote ya VS Code ndipo uifungue upya, kwa sababu PATH (orodha ya folda ambamo kompyuta hutafuta programu) huisoma inapowaka.

Mradi wako ukiwa na folda ya `.venv` (yenye Python na maktaba za mradi huo peke yake), chagua `.venv\Scripts\python.exe` (Linux na Mac ni `.venv/bin/python`). Ukichagua Python ya mfumo mzima, maktaba ulizosakinisha ndani ya mradi hazitaonekana.