Kuja kwa timu ya tiba shufaa si kukatiwa tamaa

Pole sana, ndugu yangu. Umeuliza kama kuitwa kwa timu ya tiba shufaa wodini kwa mama kunamaanisha madaktari wamekata tamaa. Hapana. Huduma hii ya kupunguza maumivu na mateso ya mwenye ugonjwa mzito inaweza kwenda sambamba na matibabu ya ugonjwa wenyewe, tena tangu mapema.

Kwanza watamuuliza mama kinachomsumbua zaidi. Maumivu watayapima, mara nyingi kwa namba 0 hadi 10, na dozi itapanda au kushuka kadiri anavyojisikia. Akishindwa kumeza, dawa inaweza kupitishwa chini ya ngozi. Akianzishiwa mofini, dawa kali ya maumivu, ulizia na dawa ya kulainisha choo, maana mofini hufunga choo na wengi huteseka kimyakimya wakidhani ni ugonjwa. Cicely Saunders, aliyefungua hospisi (nyumba ya kuhudumia wagonjwa wa magonjwa yasiyopona) ya St Christopher's jijini London mwaka 1967, alisisitiza kwamba maumivu si ya mwili tu. Yapo ya moyo, ya kijamii na ya kiroho. Ndiyo maana unaweza kumwona ofisa ustawi wa jamii, au kiongozi wa dini mama akimtaka.

Wewe andika saa ambazo maumivu huzidi na kinachoyatuliza. Hali ikibadilika usiku usingoje raundi ya asubuhi, mwite muuguzi. Na kama mama hayuko tayari kuzungumzia yajayo, waambie; wataenda kwa mwendo wake.