Kabla hujaandika bango la steshenari

Nilipofungua steshenari yangu, nilitangulia kulipia bango. Fundi akaandika kwa rangi nyekundu, herufi kubwa za kuvutia: STATIONARY. Tahajia nilimpa mimi, kwenye kipande cha karatasi.

Bango likakaa miezi minne. Siku moja akaja mwalimu mstaafu kutoa kopi za cheti cha mjukuu wake. Nilimwamkia shikamoo, akaitika, akasubiri wateja wengine waondoke, ndipo akaniambia kwa sauti ya chini: "Mwanangu, hapo nje umeandika kwamba duka lako limesimama, haliendi."

Stationary yenye A husema kitu kimetulia mahali pamoja, kama gari lililoegeshwa. Stationery yenye E ndiyo biashara yetu: rimu za karatasi, kalamu, bahasha, madaftari.

Si ajabu watu kuyachanganya, maana ni ndugu wa tumbo moja. Yote yanatokana na neno la Kilatini statio, mahali pa kusimama, lilelile lililotupatia stesheni ya treni. Ulaya ya Zama za Kati, wachuuzi wengi walitembeza bidhaa kama machinga wetu. Muuza vitabu mwenye kibanda cha kudumu, hasa jirani na vyuo vikuu, aliitwa stationarius, yaani mwenye kukaa mahali pake. Waingereza wakamwita stationer. Kule London watu hawa walikuwa na chama chao tangu 1403, na mwaka 1557 wakapewa hati ya kifalme na Malkia Mary na mumewe Philip.

E imetoka hapo. Baker ana bakery, stationer ana stationery. Wengi hufundishwa kukumbuka E ya envelope, lakini kwa mtu anayesema bahasha kutwa nzima, hiyo hupotea upesi. Mimi nilishika habari ya yule muuza vitabu na kibanda chake, na sijakosea tena.

Basi ndugu yangu unayetaka kufungua duka, fungua kamusi kabla ya kumlipa fundi, na umpe mtu wa pili asome. Kuwa makini zaidi na muhuri, kwa sababu kila ankara utakayopeleka shuleni au ofisini itabeba kosa lilelile. Bango hurekebishika. Langu fundi aliifuta A akaweka E, ila rangi mpya haikulingana na ya zamani. Mpaka leo E ile imekoza kuliko herufi zote.