Kii ya huzuni haipo: DJ, angalia unatoka wapi na besi inaangukia wapi

Ujumbe wa msomaji mmoja juma hili umebeba swali ambalo ma-DJ wengi chipukizi wanalo kuhusu kii, yaani noti ya nyumbani ya wimbo na ngazi inayojengwa juu yake: "Nipe kii tatu zinazoamsha watu na tatu zinazowatuliza, nizipange kwenye seti." Ndugu yangu, orodha za namna hiyo zimejaa mitandaoni. Utaambiwa D maina (maina na meja ni aina mbili za ngazi ya noti) ni ya majonzi, E meja ni ya shangwe, F maina ni ya giza. Usipange seti kwa orodha hizo. Maneno mengi yaliyomo yanarudi kwa Christian Schubart, Mjerumani aliyeandika sifa za kila kii katika karne ya 18; kitabu chake kilitoka 1806, mwenyewe ameshafariki. Vinanda vya zama zake vilirekebishwa kwa namna ambayo nafasi kati ya sauti hazikulingana, kwa hiyo C meja na A flati meja zilisikika tofauti kweli. Kinanda cha leo kimegawa okteva (umbali kutoka noti hadi noti ya jina lile lile juu yake) katika nusu toni 12 zilizo sawa, kila moja ikiizidi ya chini yake kwa asilimia 5.95. Hamisha wimbo mzima kutoka C kwenda D, umbo lake linabaki lile lile. Na watu wengi waliopo ukumbini hawawezi kuitambua kii kwa kuisikia peke yake.

Wanachosikia ni mambo mawili: kii imeruka umbali gani kutoka wimbo uliopita, na besi imeangukia wapi kwenye spika. Hisia unayoitafuta inatoka hapo.

Tuanze na besi, maana ndiyo sababu kubwa ya ma-DJ wa house, tekno na amapiano kuzipenda F maina, G maina na A maina. F ya chini ina Hz 43.7 (Hz ni mitetemo kwa sekunde), G ina 49, A ina 55. Sabufa nzuri inayatoa masafa hayo kwa nguvu, na mwili unayapokea kifuani kabla sikio halijasema kitu. Ukishuka hadi D unakuta Hz 36.7, na C ni 32.7. Sabufa nyingi za kukodi zinaanza kulegea zikikaribia 40, hivyo mtayarishaji anayetunga kwenye C au D mara nyingi huipandisha besi okteva moja (D inakuwa 73.4), na ule mtikisiko wa kifua unapungua. Hilo "giza" la F maina wanalolisifu ni besi iliyokaa chini kabisa pale spika zinapoweza bado. Ukifika kwenye harusi ukakuta spika mbili za inchi 15 bila sabufa, giza lote limetoweka, kwa sababu nyingi ya hizo hazina nguvu chini ya Hz 50. Hapo wimbo wa A maina au B maina (Hz 61.7) utawashika watu kuliko wa F.

Kabla wageni hawajaingia, piga nyimbo tatu ambazo besi yake inakaa F, G na A, zote kwa sauti ile ile, kisha tembea hadi katikati ya ukumbi. Iliyofifia, iandike. Dakika tano hizo zina faida kuliko jedwali lolote la hisia.

A maina ina sababu nyingine ya kuwa nyingi: inapigwa kwa vitufe vyeupe vitupu, na watayarishaji wengi wanaanzia hapo. Gitaa lina njia zake. Nyuzi zake zikiwa wazi ni E, A, D, G, B, E, kwa hiyo rumba ya Kongo, benga na zilipendwa zinaelemea G, C, D, A na E, tena meja. Nalikazia jambo hili kwa sababu DJ wa Afrika Mashariki anavuka daraja hili karibu kila wikendi, kutoka muziki wa magitaa kwenda muziki wa kompyuta, na ndipo miksi nyingi zinapochacha.

Kwenye gurudumu la Camelot, mchoro wa duara ambao ma-DJ hutumia kujua kii zipi zinapatana, kila kii ina nambari, 1 hadi 12; A ni maina, B ni meja. A maina ni 8A na C meja ni 8B, na zinatumia noti zile zile. Sasa chukua rumba iliyo kwenye G meja (9B) na amapiano iliyo kwenye F maina (4A). Zimeachana hatua tano, na ukizilaza juu ya nyingine zitagombana. Ishushe amapiano nusu toni moja: F maina inakuwa E maina, yaani 9A, ndugu wa damu wa G meja. Vivyo hivyo rumba ya D meja (10B) inaipokea C maina (5A) iliyoshushwa nusu toni, na rumba ya C meja (8B) inaipokea G maina (6A) iliyopandishwa nusu toni mbili. Usivuke mbili. Ukifika tatu, sauti ya mwimbaji inageuka ya katuni au ya mtu mwenye mafua, na ngoma zinapoteza ncha. Kumbuka pia kwamba ukiishusha F kwenda E, besi imetoka Hz 43.7 kwenda 41.2, sabufa dhaifu itakuonyesha hasara hiyo mara moja. Ukiwa na wimbo mwingine ulioumbwa E maina tangu mwanzo, tumia huo.

Sasa mwendo wenyewe. Kupanda nambari moja, 8A kwenda 9A, kunafungua kidogo, watu wanainua vichwa bila kujua kwa nini. Kushuka moja kunatuliza. Kutoka 8A kwenda 8B ni kama kuwasha taa: noti hazijabadilika, ila kituo cha wimbo kimehama kutoka "la" kwenda "do", kama mlioimba kwaya mnavyojua. Hatua hizi tatu unaweza kulaza melodi juu ya melodi kwa hesabu 32 au 64 bila hofu. Kutoka maina kwenda meja ya noti ile ile, kwa mfano A maina (8A) kwenda A meja (11B), furaha inaingia kwa nguvu zaidi, lakini noti tatu zimebadilika. Badilisha pale penye ngoma tupu.

Ukitaka kuwapandisha watu ghafla, ongeza saba (baada ya 12 unarudi 1): 8A kwenda 3A, ambayo ni nusu toni moja juu. Hakuna melodi mbili zinazoweza kuishi pamoja hapo. Kata besi ya wimbo unaotoka, acha ngoma zitembee hesabu 16, kisha ingia. Mara moja au mbili kwa usiku zinatosha. Ukizidisha, sikio linazoea na nguvu inaisha. Kubaki kwenye kii moja kwa nyimbo nyingi mfululizo nako kunachosha, hata nyimbo zikiwa kali, na ma-DJ wanaofuata bila kufikiri rangi ya kijani ambayo programu ya DJ huziwekea kii zinazopatana wanaangukia shimo hilo.

Tempo ndiyo inayoharibu hesabu hizi kimyakimya. Kitufe cha kufunga kii kikiwa kimezimwa, kila asilimia moja ya tempo inasogeza sauti senti 17 (nusu toni ni senti 100). Asilimia 3 inakuweka katikati ya kii mbili, na wimbo haukai popote. Kwa hiyo ama ubaki chini ya asilimia 1, ama uende karibu na 6 kamili: wimbo wa BPM 112 (mapigo kwa dakika) ukiupeleka 118.7 umepanda nusu toni barabara, na 8A imekuwa 3A. Kifungo kikiwashwa kii haihami, ila ukizidisha tempo mno, ngoma zinasikika zimelowa.

Nyimbo za zamani zilizonakiliwa kutoka kaseti zina tatizo lake. Spidi ya mashine ya kunakilia huwa haikulingana na ile ya kurekodia, hivyo wimbo unaweza kukaa senti 35 chini ya kii yake, na programu inabahatisha. Fungua wimbo kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, ongeza spidi (spidi, siyo tempo) kwa asilimia 2, linganisha na piano ya simu, hifadhi nakala mpya, kisha uichanganue upya.

Programu yenyewe usiiamini kipofu. Ikichanganya 8A na 8B hakuna dhara kubwa. Ikikosea kwa nusu toni, umeumbuka hadharani. Amapiano inaisumbua kwa sababu log drum, besi yake yenye mlio wa gogo, inateleza kati ya noti. Zungusha hesabu 8 za besi, tafuta kwenye piano ya simu noti ambayo wimbo unapumzikia, kisha andika mwenyewe kwenye jina la faili.

Taarab asilia isiwekewe nambari kabisa. Makamu (ngazi za noti za muziki wa Kiarabu) kama rasti na bayati zina noti zinazokaa kati ya nusu toni za kinanda, na fidla na kanuni zinazipiga hivyo kwa makusudi. Hakuna kii ya Camelot inayozibeba. Ingia na utoke kwa dumbaki na ngoma peke yake, melodi zisikutane. Makamu ya hijazi inapigika kwenye kinanda, na taarab ya kisasa yenye vinanda vya umeme mara nyingi inakubali nambari, lakini ijaribu kwanza kwenye hedfoni, hesabu 32 nzima, kabla hujainua slaida.