Medali za zamani hazikupimii moyo wa leo

Juzi kaniandikia msomaji mmoja, naye mwanariadha mstaafu, eti daktari kamwambia presha iko juu na yeye haamini, "kaka mimi nimechezea timu ya taifa, itakuwaje?" Meseji ile nimeirudia mara tatu maana ni mimi mtupu.

Mimi nimekimbia mita 800 miaka 11, na nilikuwa najua kukimbia, hilo sitaacha kulisema. Nimeshastaafu, wakaja watafiti wanaofuatilia afya za wanamichezo wa zamani wakanipa dodoso refu, ulianza na umri gani, masaa ya mazoezi kwa wiki katika kila kipindi cha maisha, majeraha, usingizi, pombe, mpaka wakafika kwenye wiki hii sasa unafanya masaa mangapi. Nikaandika 6 fasta. Halafu wakanifunga kiunoni kidude kidogo cha kupima mwendo, akselerometa, siku 7, navua nikienda kuoga tu.

Majibu yakaja, hata dakika 60 za mwendo wa kutoa jasho sikufikisha. Wiki nzima! Nikabisha sana, nikasema kifaa hicho hakihesabu baiskeli wala vyuma, na kweli hapo kina udhaifu, lakini baiskeli yenyewe nilikuwa sijaigusa tangu lini. Iliniuma jamani, mpaka leo inaniuma, kwa sababu sikudanganya makusudi, aliyejibu lile dodoso ni yule kijana wa zamani.

Ndo nikaanza kusoma. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na halijatoa punguzo kwa waliowahi kuwa mabingwa. Kule Marekani mtafiti mmoja, Paffenbarger, alifuatilia maelfu ya wanaume waliosoma Harvard, mwaka 1978 akaonyesha kwamba waliokuwa wanamichezo chuoni wakaja kuacha, hatari yao ya shambulio la moyo ilikuwa kubwa kuliko ya wale ambao hawakuwahi kuwa wanamichezo ila wakawa wanajishughulisha ukubwani. Na Dallas mwaka 1966 vijana 5 wa miaka 20 walilazwa kitandani wiki 3 tu, walipopimwa tena baada ya miaka 30, ikaonekana zile wiki 3 ziliwashusha uwezo wa kutumia oksijeni kuliko miaka 30 ya kuzeeka. Wiki tatu ndugu zangu, na sisi tunapumzika miaka!

Kwa hiyo andika. Andika dakika siku hiyohiyo, usingoje mwisho wa wiki, kichwa kinapenda kukusifia. Pima mapigo ya moyo asubuhi kabla hujatoka kitandani, andika. Pima presha, andika. Usiandike ulivyokuwa unafanya zamani, andika ulichofanya leo hata kama ni sifuri, sifuri nayo iandike.

Kaka uliyeniandikia, rudi kwa daktari, dawa atakazokupa meza, na Jumapili nitumie dakika zako. Mimi wiki hii nina 140.